Nipe Kumi na Tatu

Jumanne nilimwambia baba yangu kwamba naondoka, naye akaniomba spana.

Maneno yenyewe nilikuwa nimeyapika kwa siku nyingi. Nilianza na hotuba ndefu yenye shukrani na machozi, nikawa naipunguza nikiosha vyombo, naipunguza nikiwa njiani, mpaka yakabaki maneno machache ambayo hata mtu mkaidi angeyameza bila maji. Baba alikuwa chini ya gari, amelalia kipande chake cha boksi, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje. Nikasimama karibu na miguu ile nikasema, "Baba, nimepata kazi kwenye karakana ya malori, mji mwingine. Mwisho wa mwezi naondoka. Naomba uniambie neno." Gereji ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia bomba la uani likidondosha maji kwenye ndoo. Nikasubiri. Ndoo ikaendelea kupokea matone yake. Kisha sauti ikatoka chini ya gari:

"Sawa. Nipe kumi na tatu."

Nikampa spana namba kumi na tatu. Ningefanya nini? Niliingia gereji ile nikiwa msichana mwenye mgongo mzima na magoti yasiyolalamika, leo nina watoto wanaonipita urefu na kiuno kinachotabiri mvua, na neno nililopewa la kuniaga ni namba ya spana. Mtu akimpigia mbuzi gitaa, angalau mbuzi humtazama.

Baba wanamwita Sikio. Si jina la kubezwa, ni cheo. Gari lilikuwa likiingia langoni kwetu, kabla dereva hajazima, yeye ameshajua vali ipi imelegea na chujio lipi limeziba. Ukimbishia, mnafungua, mkifungua, unaomba radhi. Kwa sababu hiyo gereji yetu haikuwahi kuwa na vipimo. Wenzetu wana mashine zenye taa na namba, sisi tulikuwa na kichwa cha baba na utaratibu mmoja: funga, washa, sikiliza, rekebisha. Mteja mmoja aliwahi kutuletea geji ya kupimia msukumo wa mafuta, mpya kabisa, ndani ya boksi lake. Baba alimshukuru kwa heshima zote, akaitundika kwenye msumari karibu na kalenda iliyopitwa na wakati, na hapo ndipo ilipokaa ikipima vumbi.

Mteja huyo ni daktari wa meno, na ndiye mwenye gari ninalolizungumzia. Siku za kazi anaziba watu meno kwa upole. Siku za mapumziko anavaa helmeti na kupanda milima ya vumbi kwa mwendo wa mtu anayekimbia deni la damu. Ni muungwana anayeomba samahani hata akikanyaga tope letu, lakini ukimpa usukani huwezi kumtambua. Tulikuwa tumemfungia turbo ya kuisukumia injini hewa, kubwa kuliko ya zamani, na tangu hapo gari likawa linaishiwa pumzi kila anapofika kwenye mlima mrefu. Pampu yake ya mafuta, ile ya kiwandani iliyomo ndani ya tangi, ilikuwa imezidiwa. Injini ya namna hiyo ikipewa hewa yote ile na ikanyimwa mafuta, haizimiki kistaarabu. Inajikaanga yenyewe, pistoni inatoboka, na dereva aliye katikati ya kona anabaki ameshika chuma kisichomtii. Ndiyo maana akanunua pampu ya kufungwa nje ya tangi, nzito, ya rangi ya buluu inayong'aa. Mbio za magari zilikuwa Jumapili. Alhamisi asubuhi tukaanza kazi.

"Tuifunge hapa," baba akasema, akigonga sakafu ya buti kwa kifundo cha kidole.

"Hapo ni juu ya tangi, Baba. Pampu hizi ni hodari wa kusukuma, kuvuta haziwezi. Tuiweke chini, karibu na tangi, mafuta yaiteremkie yenyewe."

Aliniangalia mdomoni, kama anavyofanya siku hizi mtu akimbishia, utadhani anakagua meno yangu.

"Chini mawe yataitafuna. Si unazijua njia za Daktari? Tuiweke juu kwanza, tuisikilize. Ikilalamika tutaishusha."

Ikilalamika tutaishusha. Maneno hayo nimeyasikia tangu ujana wangu, na maana yake ni kwamba mimi nitatoboa matundu mara mbili, nitalala kwenye saruji mara mbili, na nitakula vumbi la chuma mara mbili. Lakini sikuwa na nguvu za ugomvi. Nilijiambia: mwisho wa mwezi haupo mbali, toboa. Nikachukua drili.

Kazi hiyo si ya kubabaisha. Tulinyonya mafuta yote kwenye tangi, tukatoa waya za betri ili cheche isije ikatumaliza, tukang'oa zulia la buti. Baba alifunga mpira mnene kutoka kwenye tangi hadi kwenye chujio la kwanza, lile la kukamata takataka kubwa, kisha pampu yenyewe ikikalia raba nne ili isitetemeshe bodi, kisha chujio la pili, na kutoka hapo bomba la kwenda mbele kwenye injini na jingine la kurudisha mafuta yaliyobaki. Mimi nilishughulika na umeme: waya mnene kutoka betri, fyuzi, rilei ya kupitisha umeme mwingi, na swichi kwenye dashibodi ili pampu iweze kuwashwa peke yake. Mwishoni tukarudisha mafuta tangini na waya kwenye betri. Mikono ya baba bado ni mizuri. Klipu akiikaza yeye haivuji, na haikazi kwa hasira kama mimi.

Hasira nilikuwa nazo tele. Jumatano nzima alikuwa hajasema kitu. Alhamisi hiyo nayo alikuwa akifanya kazi huku akivuma wimbo usio na sauti mbili zinazofuatana, kana kwamba mwanawe hajamwambia lolote. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, basi mimi nikawa nasubiri mshindo.

Jumatano jioni nilipita nyumbani kwao nikitarajia labda atasema mbele ya mama. Mama nilimwambia mapema, alilia, akanibariki, akasema, "Baba yako utamwambia mwenyewe, mimi simo." Nilipoingia nikamkuta anamfokea mumewe kuhusu chumvi, kwa sauti ya mtu anayezuia nyumba isiungue. Mama yangu huyu, aliyekuwa akiongea kama anambembeleza mtoto! Tangu mwaka jana amekuwa mkali hivyo, majirani wanatikisa vichwa.

"Mama, punguza kidogo," nikamwambia. "Ni chumvi tu."

"Wewe niache," akanijibu. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Kisha akamgusa baba begani, taratibu kabisa, akamwekea sahani mbele. Nikala, nikaaga, nikaenda zangu nikiwaza kwamba uzee umeniharibia wazazi wote wawili kwa mpigo, mmoja umemtia ukali na mwingine umemtia kiburi.

Alhamisi hiyo, jua likikaribia utosini, daktari wa meno alifika akiwa bado amevaa koti lake jeupe. Alikuwa amewaacha wagonjwa kwenye benchi.

"Shikamoo, Mzee. Tumefikia wapi?"

"Marahaba, Daktari. Umefika wakati wenyewe."

Baba akachukua bisibisi yake ndefu. Zamani, tangu mimi mtoto, alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, na kila mtu pale akanyamaza. Siku za karibuni alikuwa amebadilisha mtindo: mpini anauuma kwa meno. Mafundi wa mtaani waliifanya hiyo kuwa hadithi, wakisema Sikio amefika daraja la juu, siku hizi hasikilizi injini, anaionja. Wateja walipenda sana.

"Mzee, hayo meno mwishowe nitakuja kuyalilia mimi," daktari akasema.

Baba akatabasamu huku ameuma mpini. Ncha akaigusisha kwenye pampu ndani ya buti, akanipungia mkono. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dereva. Nikabonyeza swichi.

Pampu ikapiga yowe kama paka aliyebanwa mkia na mlango. Kilikuwa kilio chembamba cha kuchoma meno, kikipanda na kukatika, kikipanda tena, na chini yake mkwaruzo kama wa changarawe kwenye bati. Kila fundi anaijua sauti hiyo. Ni pampu inayovuta isichoweza kukivuta, inameza hewa badala ya mafuta. Ukiiacha hivyo itapata moto na kufa, na ikifa mlimani itakufa na kitu kingine.

Nilitoa kichwa dirishani kumwangalia baba. Alitoa bisibisi mdomoni, akaifuta kwenye suruali.

"Imetulia," akasema.

Daktari alinitazama. Mimi nikamtazama daktari. Yowe linaendelea.

"Kumbe hizi kubwa ndivyo zinavyolia!" daktari akasema kwa sauti ya juu ili asikike, na nikaona usoni kwake jinsi mtu msomi, mwenye masikio mawili mazima, anavyoamua kwamba kelele si kelele kwa sababu Sikio amesema.

Damu ikanichemka. Nikajua ananipima. Nikajua huu ndio mshindo niliokuwa nikiusubiri: mzee huyu hatasema usiende, wala hatasema nenda salama, ila ataiacha pampu ilie mbele ya mteja mpaka nishuke mimi, nipige magoti, niseme, Baba, bila mimi gari hili litamuua mtu. Kisha atasema, umeona? Nilimchukia pale, naomba Mungu anisamehe, nilimchukia baba yangu kwa muda wa kumeza mate. Na kwa kuwa yowe lile lilikuwa likinitoboa kichwa, nikabonyeza swichi, nikaizima.

Kukawa kimya. Bomba la uani likadondosha tone kwenye ndoo, likadondosha jingine.

Nilisubiri aniulize kwa nini nimezima. Nikamwangalia kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa amesimama nyuma ya buti, macho ameyafumba, kichwa amekiinamisha upande kama zamani, kidole kimoja amekiinua juu kututaka tunyamaze.

"Msizime kwanza," akasema. "Sikilizeni hiyo. Hapo hata mtoto mchanga angelala."

Daktari, ambaye kazi yake ni kuwaambia watu wafungue midomo, alifungua wa kwake akausahau wazi.

Mimi nilibaki nimeshika usukani wa gari lililozimwa. Kwanza nilitaka kucheka. Halafu mambo yakaanza kunijia moja baada ya jingine, kila moja likiwa na haya ya kuchelewa: jinsi anavyotuangalia midomoni, meno kwenye mpini, wimbo ule uliopotea njia, mama na chumvi yake, mkono wa mama begani. Nikafika Jumanne. Nikaiona tena miguu yake ikitoka chini ya gari, na mimi nimesimama nikiongea na saruji. Hakuwa amenidharau. Maneno yangu hayakuwahi kumfikia. Nilisikia aibu, nikasikia huruma, na juu ya yote nikasikia uchovu, maana sasa ningepaswa kuyasema tena, na safari hii yangekuwa mazito zaidi.

"Basi nalichukua?" daktari akauliza, kwa sauti ndogo.

Baba, aliyekuwa amefumbua macho na kumwona anaulizia funguo kwa mkono, akaitikia kwa kichwa. "Chukua, Daktari. Upande nayo mbinguni."

Nikashuka. Baba alikuwa amenipa mgongo, akikusanya vyombo. "Gari haitoki," nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, na mgongo ule haukushtuka.

"Dada fundi," daktari akaninong'oneza, "mzee wako…"

"Nimeona. Njoo kesho jioni. Itakuwa tayari, nakuhakikishia."

Alimwendea baba, akamsimamia mbele, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia polepole, mdomo ukifunguka vizuri, "Asante sana, Mzee." Akarudi kwa wagonjwa wake kwa teksi. Nikampenda mtu yule siku hiyo.

Baba akaniuliza, "Mbona ameacha gari?"

Nikahakikisha ananiona. "Nimemwambia kuna kitu nataka kupima."

Neno kupima halijawahi kutamkwa gerejini kwetu bila mzaha. Hakucheka. Na mimi, kabla moyo haujanigeuka, nikaenda ukutani, nikaitungua geji kwenye msumari. Pale ilipokuwa imening'inia palibaki duara safi kwenye rangi chafu. Nikaipangusa vumbi kwa kanga niliyojifunga kiunoni, nikafungua boneti, nikaiunganisha kwenye bomba la mafuta karibu na injini. Alinifuata akasimama kando, mikono nyuma, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Nikawasha pampu.

Mshale ukapanda mpaka nusu ya njia, ukaanza kutetemeka. Ukashuka, ukajaribu tena, ukashuka. Baba akachomoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama. Aliutazama mshale ule kwa muda, kisha akaweka kiganja kwenye bomba, kisha akatembea hadi kwenye buti na kuweka kiganja juu ya pampu yenyewe. Akautoa haraka. Ilikuwa ya moto.

Nikazima. Akarudi mbele yangu, akavua miwani.

"Inalia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sana?"

"Sana, Baba. Inapiga mayowe."

"Daktari naye alisikia?"

"Alisikia. Ila wewe ulisema imetulia, basi naye akaona imetulia."

Alinitazama mdomoni mpaka maneno yote yakafika. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mgema akisifiwa," akasema, "tembo hulitia maji." Nikacheka na mimi. Tulicheka tukiwa tumeegemea gari la watu, wawili wenye mikono myeusi, mpaka akaketi juu ya tairi kuukuu na kicheko kikamwishia.

"Unajua mimi nilidhani ni injini," akasema. "Nilidhani injini za siku hizi ndizo zimekuwa tulivu. Nikawa nazisifu. Nawaambia watu, aisee, wazungu wameendelea."

"Mama anajua."

"Mama yako anajua kabla yangu. Unadhani kwa nini anafoka? Anafoka ili watu waseme yeye ndiye amekuwa mbaya."

Nikakumbuka jinsi nilivyomwambia apunguze. Nikatafuta pa kukaa, nikaona ndoo ya kuoshea vyuma, nikaigeuza nikaikalia mbele yake, mahali ambapo mwanga wa mlangoni ulinipiga usoni.

"Jumanne," baba akasema, "ulisema kitu."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nilikuwa chini pale. Niliviona viatu vyako vikija, vikasimama. Vilisimama sana. Kimoja kikawa kinasugua sakafu, kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mdogo ukitaka ruhusa. Nikajua kuna jambo. Nikasema sawa." Akajipangusa mikono ambayo haikuwa na maji. "Siku hizi nasema sawa kwa kila mtu. Wananiona nimekuwa mpole. Ulikuwa unasema nini, mama?"

Ananiita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Ningeweza kumwambia nilikuwa nikimuuliza kama anataka chai. Angeamini, au angejifanya ameamini, na mimi ningebaki pale kuwa sikio lake mpaka magoti yangu yakatae kabisa, na hakuna mtu ambaye angenilaumu, wangenisifu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba uongo ule uliniita kwa jina. Lakini nilikuwa nimechoka pia na kusubiri neno lake, na niliona kwamba nikimwambia chai nitalisubiri maisha yangu yote.

Nikavuta ndoo karibu zaidi. Nikasema polepole, bila kufoka, "Nimepata kazi, Baba. Karakana ya malori, mji mwingine. Naondoka mwisho wa mwezi. Nilikuwa naomba uniambie neno."

Macho yake hayakuondoka mdomoni kwangu hata nilipokuwa nimemaliza. Aliendelea kuutazama kana kwamba kuna lililobaki.

"Malori," akasema.

"Malori."

"Malori hayana siri. Likiumwa linaumwa hadharani." Akanitazama kiunoni. "Mgongo wako utapumzika. Huko wana mashimo ya kusimama, au sivyo? Hulali chini."

"Wana mashimo na wana jeki za umeme."

"Vizuri."

Akasimama kwa kujisukuma na magoti. Akaiendea geji, iliyokuwa bado imeunganishwa na bomba, akavaa miwani tena.

"Hii," akasema, bila kunigeukia, "mshale unatakiwa ukae wapi?"

Hapo ndipo machozi yalipotaka kunitoka, si kwenye lile la mgongo wala la mashimo. Mtu ambaye mji mzima ulimletea magari ayasikilize alikuwa ananiuliza mimi mshale unakaa wapi. Nilikwenda nikachukua chupa ya rangi nyeupe tunayotumia kuwekea alama matairi. Nikachora kistari kwenye kioo cha geji, mahali ambapo msukumo unatosha, na kingine ambapo ukivuka ni hatari. Nikamgusa begani kama mama anavyomgusa, akanigeukia.

"Kati ya hapa na hapa," nikamwambia. "Utulie, usitetemeke. Ukitetemeka, pampu inalia."

"Kati ya hapa na hapa." Akapitisha kidole kwenye vistari viwili, rangi mbichi ikamganda. "Basi hii usiirudishe ukutani."

Akarudi nyuma ya gari, akachungulia buti, akatazama kazi yake ya asubuhi nzima. Nati za kuishikilia pampu zilikuwa upande wa chini, na kuzifungua ni lazima mtu alale. Nikaanza kukunja mikono ya shati, maana kulala ni kazi yangu. Akanizuia kwa mkono. Akalivuta boksi lake, akalinyoosha kwa mguu, akajishusha kwa hatua zake za siku hizi, kwanza goti, kisha mkono, kisha ubavu.

"Sawa," akasema akiwa chini, akanyoosha kiganja nje. "Nipe kumi na tatu."

Nikampa. Kiganja kikaifunika spana, kikaingia chini ya gari, ikabaki miguu tu. Nikasimama karibu na miguu ile nikisubiri kusikia chuma kikishika chuma. Bomba la uani lilidondosha tone kwenye ndoo, likadondosha jingine, na jingine, na spana haikugusa nati. Kulikuwa na mirija ya kukata upya na matundu mapya ya kutoboa. Kazi hiyo ingengoja. Sikuondoka, kwa sababu nilijua kwamba pale chini alipolala anaviona viatu vyangu.